Cheni na sproketi za pikipiki zinazoisha mapema: soma dalili kwanza, nunua baadaye

Cheni ikiisha kabla ya wakati, wa kwanza kulaumiwa ni kiwanda. Mara nyingi kiwanda hakina kosa. Cheni bora iliyovalishwa juu ya sproketi iliyolika, au iliyokazwa kupita kiasi, huisha upesi kuliko cheni ya kawaida iliyofungwa sawasawa. Kwa hiyo kabla ya kulipia seti ya bei kubwa, tafuta kilichoiua ile ya zamani. Usipokitoa, kitaiua na mpya.

Kwanza uelewe kinacholika. Kila pingili ya cheni ina pini inayocheza ndani ya bushi, na juu ya bushi kuna rola inayokaa kati ya meno ya sproketi. Cheni "ndefu" si chuma kilichonyooka. Ni pini na bushi zilizosagana hadi nafasi kati yake ikapanuka. Katika cheni ya pingili 118, nafasi ya 0.1 mm tu kwa kila pingili inatosha kuongeza urefu wote kwa karibu milimita 12. Ndiyo maana mchanga unaoingia kwenye pini ni adui mkubwa kuliko mzigo mzito.

Vipimo vya kuanza navyo

Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, weka nyutro, zima injini. Usiguse cheni injini ikiwa inawaka, hata kwa kupaka oili tu. Ajali nyingi za kukatika vidole hutokea hivyo.

Pima mlegeo. Shika cheni ya chini katikati, kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma, uisukume juu na kuivuta chini. Jumla ya mwendo huo ndiyo mlegeo. Pikipiki nyingi ndogo za matumizi ya kila siku huhitaji mm 20 hadi 30, na zenye shokapu ndefu za njia mbovu huhitaji zaidi, hata mm 35 hadi 50. Namba ya pikipiki yako iko kwenye kitabu chake, na mara nyingi kwenye stika iliyobandikwa swingamu (mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma). Zungusha tairi na urudie kipimo sehemu nne au tano.

Kisha pima urefu. Vuta cheni inyooke, hesabu pingili 20, yaani kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Cheni za 420 na 428 (namba ya saizi iliyo kwenye cheni yenyewe) zikiwa mpya husoma mm 254. Zikifika 257 anza kutafuta nyingine, na zikifika 259 kazi yake imekwisha. Za 520, 525 na 530 zikiwa mpya husoma mm 317.5. Nyingi za namba hizi huwa na pete za mpira, na hizo usizisubirishe: zikiongezeka asilimia 1, yaani karibu mm 321, zibadilishe. Kitabu cha pikipiki kikitaja kikomo kidogo kuliko hiki, fuata kitabu. Pima sehemu tatu tofauti, maana cheni hailiki sawasawa kila mahali.

Huna rula? Shika cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ile sehemu iliyo mbali zaidi na injini, uivute kurudi nyuma. Ikiachia nafasi hata ukaona zaidi ya nusu ya jino, imekwisha.

Mwisho tazama meno. Jino zima lina pande mbili zinazofanana. Jino lililolika huwa na tumbo upande mmoja na ncha iliyolala kama ndoano. Fungua na kava ya sproketi ya mbele, usiishie kutazama ya nyuma kwa kuwa inaonekana. Kwenye seti ya 14 kwa 42 (meno 14 mbele, 42 nyuma), sproketi ya mbele huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, na kila jino lake hupigwa mara tatu zaidi. Hiyo ndiyo inayokufa kwanza, tena ikiwa imefichwa.

Cheni inakaza sehemu moja na kulegea sehemu nyingine

Hii ndiyo dalili inayowachanganya mafundi wengi. Ukizungusha tairi, mlegeo unakuwa mm 35, mbele kidogo unakuwa 10. Ukikaza kwa kufuata sehemu iliyolegea, ile iliyobana inakuwa kamba ya gitaa. Sababu zinaweza kuwa cheni iliyolika bila usawa, pingili zilizoganda kwa kutu, sproketi ambayo tundu lake halikutobolewa katikati, au sproketi isiyokaa vizuri kwenye habu (kitovu cha tairi).

Kuzitenganisha kunahitaji chaki tu. Zungusha hadi cheni ibane kabisa. Weka alama moja kwenye jino la sproketi ya nyuma lililo juu kabisa, na nyingine kwenye pingili iliyokaa juu ya jino hilo. Endelea kuzungusha taratibu ukipima. Kama mbano unarudi kila tairi linapomaliza mzunguko mmoja, alama ya sproketi ikiwa juu, kosa liko kwenye sproketi, habu au beringi za tairi. Kama unarudi pale tu alama ya cheni inaporudi mahali pake, kosa ni la cheni. Kwa cheni ya pingili 118 na sproketi ya meno 42, cheni hukamilisha duara lake kila baada ya mizunguko ya tairi karibu 2.8, kwa hiyo majibu haya mawili hayawezi kufanana. Kukiwa na mbano mfupi unaokuja mara tatu kwa kila mzunguko wa tairi, geukia sproketi ya mbele au shafti yake.

Cheni ikithibitika kuwa na kosa, tafuta pingili zilizoganda. Zitajionyesha kwenye cheni ya chini kwa kukataa kunyooka zinapotoka kwenye sproketi. Za kutu jepesi huweza kufunguka kwa mafuta ya taa, kuzikunja huku na huku kwa mkono, kisha oili. Zikiganda tena baada ya siku chache, cheni hiyo haiponi. Unga mwekundu wa kahawia unaotoka kwenye viungo vya pini una maana hiyohiyo: ndani hakuna oili tena, chuma kinasaga chuma.

Mpaka utakapobadilisha, weka mlegeo kwa kufuata sehemu inayobana zaidi, kamwe si ile iliyolegea.

Seti mpya imeisha upesi mno

Uliza kwanza: je, ilikuwa seti kweli? Cheni mpya juu ya sproketi za zamani ni hasara inayojirudia. Meno ya zamani yameshazoea hatua ndefu (umbali wa pini hadi pini) ya cheni iliyochakaa. Cheni mpya yenye hatua fupi haiyakalii sawasawa, kwa hiyo rola chache hubeba mzigo wote. Kinyume chake ni kweli pia, cheni iliyorefuka huyala meno mapya kwa kupanda juu ya migongo yake. Badilisha vyote vitatu kwa pamoja: cheni na sproketi zote mbili. Kitu kimoja tu tunakubali: mtu anayetunza vizuri anaweza kubadilisha sproketi ya mbele peke yake katikati ya maisha ya seti, mradi cheni bado iko chini ya nusu ya kikomo chake.

Kama ilikuwa seti kamili, angalia ukazaji. Tairi linapopanda juu kwenye matuta au chini ya mzigo, umbali kati ya sproketi ya mbele na ekseli ya nyuma hubadilika, kwa sababu swingamu haijafungwa kwenye kitovu kimoja na sproketi. Cheni hubana zaidi pale sproketi ya mbele, pini ya swingamu na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Aliyekaza cheni ikiwa haina mzigo, akaona imenyooka akafurahi, ameweka kamba itakayovutana na beringi ya shafti ya giaboksi kila tuta. Oili inayovuja nyuma ya sproketi ya mbele huwa ni sili iliyoumizwa namna hiyo. Kwa pikipiki inayobeba abiria au magunia, hakiki hivi: kaza kwa kipimo cha kitabu, kisha watu wakae hadi vitu hivyo vitatu vilingane. Cheni iwe bado inacheza milimita kumi hivi. Ikiwa haichezi kabisa, ongeza mlegeo.

Halafu uje kwenye oili. Grisi nzito inayopakwa nje haifiki kwenye pini. Inakamata mchanga na kuufanya msasa. Oili chafu ya injini ina vumbi la chuma ndani yake, na hurushwa nje baada ya kilomita chache. Ni bure, na thamani yake ni hiyohiyo. Kinachofaa ni oili ya gia SAE 80W-90 au dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa cheni. Paka baada ya safari cheni ikiwa na joto, upande wa ndani wa cheni ya chini, ukilenga mianya ya kati ya bamba (vibati vya ubavuni mwa pingili), sio juu ya rola pekee. Iache inywe, kisha futa ya nje yote kwa kitambaa. Cheni inayong'aa kwa oili nje ina oili nyingi mahali pasipohitajika. Rudia kila kilomita 500 hivi, na kila baada ya mvua au tope.

Cheni yenye pete za mpira ina grisi yake iliyofungiwa kwenye pini tangu kiwandani. Oili ya nje ni ya rola, meno na kulinda mpira usikauke. Kwa hiyo usiisafishe kwa petroli, tina au brashi ya waya, wala usiipige maji ya presha kwa karibu. Mafuta ya taa na brashi laini vinatosha, kisha ikaushwe mara moja. Pete zikikatika au kuchomoka, hata kwa pingili chache, grisi haipo tena na hairudishiki.

Cheni inaruka meno unapovuta mafuta

Karibu kila mara ni meno ya sproketi ya mbele yaliyokwisha. Kwanza thibitisha mlegeo, kisha meno. Usikubali kutibiwa kwa kukaza zaidi, wala kwa kupunguza pingili mbili ili adjasta (skrubu za kukazia cheni) zipate nafasi. Cheni iliyokatwa ni ileile iliyolika, imefupishwa tu.

Ukihisi mshtuko wa "kotokoto" kila unapofungua na kufunga mafuta lakini cheni hairuki, shika tairi la nyuma lisizunguke na ujaribu kuisogeza sproketi kwa mkono mbele na nyuma. Ikicheza bure kwa milimita kadhaa, raba za habu, zinazopokea mshtuko kati ya sproketi na tairi, zimelegea. Raba mpya ni kitu kidogo, lakini zilizokufa hufanya kila mvuto wa injini uipige cheni badala ya kuivuta.

Upande mmoja wa meno unang'aa, au cheni inadondoka

Mng'ao wa ubavuni mwa meno, na mikwaruzo upande wa ndani wa bamba za ndani, ni ushahidi kwamba tairi limekaa upande. Alama zilizochongwa kwenye swingamu zisiaminiwe zenyewe, nyingine hazilingani kulia na kushoto tangu mwanzo. Pima kwa rula au kamba kutoka katikati ya pini ya swingamu hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili, na sawazisha hadi tofauti isizidi milimita moja. Kisha piga jicho kutoka nyuma ya sproketi kubwa: cheni ya juu iende moja kwa moja bila kupinda inapoacha meno.

Vipimo vikiwa sawa na mng'ao ukaendelea, angalia sproketi ya mbele kama imegeuzwa. Nyingi zina shingo upande mmoja, na kuigeuza husogeza meno milimita kadhaa kutoka kwenye mstari. Baada ya hapo fuata beringi za habu (tikisa tairi kulia na kushoto), bushi za swingamu na boliti za sproketi ya nyuma. Kuhusu sproketi ya mbele kucheza kidogo kwenye shafti: kwenye pikipiki ndogo nyingi zinazofungwa kwa kibamba na boliti mbili, mchezo mdogo ni wa kawaida. Kama meno ya shafti yenyewe yamechongeka, hakuna sproketi itakayodumu hapo.

Cheni imekatika

Okota vipande utazame palipokatika. Ikiwa ni kwenye loki (pingili inayounganisha ncha mbili za cheni), kosa ni la ufungaji. Klipu huwekwa upande uliofungwa ukitazama inakoelekea cheni, na cheni ya juu huelekea mbele. Ikiwekwa kinyume, jiwe au tawi linaweza kuing'oa. Bamba la loki lisukumwe hadi mfereji wa pini uonekane wote, ndipo klipu iingie, na klipu iliyowahi kutolewa isirudishwe. Pikipiki zenye nguvu hutumia loki ya kuponda pini kwa kifaa chake, si klipu. Nusu pingili, inayouzwa kwa ajili ya kurekebisha urefu, iache dukani.

Ikikatika mahali pengine kwa bamba kupasuka, na cheni haikuwa imekwisha kwa kipimo, basi cheni ilikuwa dhaifu kwa kazi hiyo au imekazwa mno.

Ukifika dukani

Sasa ununue. Anza na namba. Tarakimu ya kwanza ni hatua kwa sehemu za nane za inchi: 4 ni mm 12.7, 5 ni mm 15.875. Mbili zinazofuata zinaeleza upana wa ndani, kwa hiyo 420 ina mm 6.35 na 428 ina mm 7.94. Hatua yao ni moja, ndiyo maana 428 itavaa juu ya sproketi ya 420 ikicheza ubavuni na kuila, na anayeuza huenda asikuambie. Herufi H, kama 428H, ina maana bamba nene zaidi kwa upana uleule wa ndani. Kwa pikipiki ya mizigo chukua H, lakini fahamu kwamba unene huo unaongeza nguvu ya kutokatika. Maisha ya pini hutegemea ugumu wa uso wake, oili, na kama bushi ni za kipande kizima au za bati lililokunjwa lenye mshono. Bushi nzima ndizo za kulipia.

Cheni yenye pete za mpira hudumu zaidi kwenye vumbi na mvua, na zile za umbo la X husuguana kidogo kuliko za O. Kikwazo chake ni upana. Hakikisha inapita ndani ya kava na haigusi ukuta wa injini karibu na sproketi ya mbele.

Tazama namba na jina la mtengenezaji kwenye bamba zenyewe, sio kwenye boksi. Boksi huchapishwa na yeyote. Shika cheni kwa usawa, pini zikiwa zimesimama wima, uone inavyolegea: mpya iliyobana vizuri hupinda kidogo tu ubavuni.

Kwa sproketi, chuma ndilo jibu kwa anayetaka kudumu. Alumini ni nyepesi na inafaa mashindano, lakini meno yake huisha mapema. Chuma nacho kiwe kimegumishwa kwa moto kwenye meno. Mara nyingi utaona mshipi wa rangi iliyoungua pembezoni. Ukiruhusiwa, gusa ubavu wa jino kwa tupa. Tupa ikiteleza, uso ni mgumu. Ikila chuma kirahisi, rudisha. Sproketi za 428 ziwe na unene wa meno karibu mm 7. Nyembamba zaidi ya hapo cheni itayumba.

Idadi ya meno ndipo watu hupoteza uhai wa seti bila kujua. Kila pingili inapozunguka sproketi ya meno 12 hukunjwa nyuzi 30, na ya meno 15 hukunjwa nyuzi 24. Kupunguza jino mbele ili kupanda mlima kirahisi kunaongeza mkunjo na mvuto wa cheni kwa pamoja. Ukitaka uwiano uleule, 15 kwa 45 hudumu kuliko 14 kwa 42, kama kava na urefu wa cheni vinaruhusu. Ukitaka nguvu zaidi, ongeza nyuma: kutoka 15 kwenda 14 mbele ni sawa na kutoka 42 kwenda 45 nyuma.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wachache hulijali. Pingili za cheni huwa namba shufwa. Sproketi ya mbele ikiwa nayo ni shufwa, jino moja litakutana na pingili za nje tu na jirani yake za ndani tu, mpaka siku ya kufungua. Namba witiri hugawa ulaji. Hata hivyo 15 pamoja na cheni ya pingili 120 ni ndoa mbaya, maana 120 hugawanyika kwa 15 bila baki, na pingili ileile hurudi kwenye jino lilelile kila duara. Pingili 118 kwa meno 15 hukutanisha kila pingili na kila jino. Usibadilishe muundo wa pikipiki kwa sababu hii peke yake, lakini ukiwa na uchaguzi, chagua hivyo.

Seti mpya ikishafungwa, pima mlegeo baada ya kilomita 100 hadi 200, maana viungo hukaa mahali pake mwanzoni, na tena ikifika 500. Andika urefu wa pingili 20 wa siku ya kwanza pamoja na kilomita zilizo kwenye dashi. Cheni ikirefuka kwa kasi ndani ya kilomita elfu moja za kwanza, rudi kwenye mlegeo, mstari na oili kabla ya kwenda kugombana na muuzaji.